Nimeanza kozi ya maadili chuoni na sioni pa kushika, nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza nasomea uhasibu, ila chuoni kwetu kozi ya maadili ni lazima kwa wote. Nimetoka kombi ya ECA, falsafa sijawahi kuigusa. Lekcha ya kwanza tu tumetajiwa wanafalsafa Aristotle, Kant na Mill nikatoka kichwa kinauma. Tumepewa esei ya maneno 1500: je, kuna wakati ambapo kudanganya ni sahihi kimaadili? Jadili. Sasa kama kila mtu ana maoni yake hii kitu inasahihishwaje? Ni kama somo la dini? Na nianzie wapi, maana sitaki sapu (kurudia mtihani)."

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mapema, wengi wananitafuta ikiwa imebaki wiki moja waingie kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, na hapo hata mimi sina cha kuwasaidia.

Nianze na hilo la kila mtu ana maoni yake, maana ndo linalowaumiza watu wengi na ukilibeba hivyo hivyo mpaka mwisho wa semista litakuumiza na wewe. Maoni kweli kila mtu anayo, ila kozi hii haisahihishi maoni yako, inasahihisha sababu ulizoyajengea. We ni mhasibu utanielewa haraka: mkaguzi akija ofisini haridhiki na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa hata kama ni sahihi, anataka vocha na risiti aone hiyo jumla imetoka wapi. Msimamo wako ndo ile jumla, sababu ndo vocha. Kwahiyo wanafunzi wawili wanaweza kupingana kabisa, mmoja anasema kudanganya hakukubaliki hata siku moja mwingine anasema inategemea, na wote wakala A, alafu wawili wengine wana msimamo uleule mmoja akapata A mwenzake akaambulia D kwa sababu aliandika "naamini" mara ishirini bila kutuambia kwa nini anaamini.

Kingine, hiyo kauli ya kila mtu na maoni yake huwa watu wanaisema wakiwa hawajaibana vizuri. Ibane kidogo uone. Zanzibar mwaka 1896 kummiliki binadamu mwenzako ilikuwa ruhusa kisheria, soko la watumwa lilishafungwa tangu 1873 kwa mkataba na Waingereza lakini waliokuwa watumwa waliendelea kuwa watumwa. Ikaja amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa mbele ya sheria, na hata hiyo amri ukiisoma inashangaza, fidia walilipwa wamiliki na sio waliotumikishwa, mtumwa mwenyewe alitakiwa aende kuomba uhuru wake mahakamani, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Haya niambie, utumwa ulikuwa sawa mwaka 1896 ukawa kosa 1897? Na wale masuria je, kwao ilikuwa sawa kwa miaka kumi na mbili zaidi? Kama jibu lako ni kwamba hapana, ilikuwa makosa muda wote bila kujali sheria ilisemaje na wenye mashamba ya karafuu walikuwa na maoni gani, basi tayari umeshaingia kwenye hii kozi, maana umekubali kuna kitu kinachoweza kuipima sheria na kuyapima maoni ya watu. Kazi iliyobaki ni kusema hicho kitu ni nini, na hapo ndo kina Kant na Mill wanapoanza kuvutana.

Kuhusu dini. Sio somo la dini, ila pia hakuna mtu atakayekwambia uache imani yako getini, na ukikutana na tyuta anayedharau waumini huyo ana matatizo yake mwenyewe. Kuna swali moja la zamani sana, Plato kaliweka kwenye mazungumzo yake mafupi yanayoitwa Euthyphro: jambo ni jema kwa sababu Mungu kaliamuru, au Mungu kaliamuru kwa sababu ni jema? Usiharakishe kujibu. Ukisema la kwanza, utaulizwa je angeamuru ukatili, ukatili ungekuwa mwema? Ukisema la pili, ina maana wema una kipimo ambacho akili inaweza kukifikia hata kabla ya amri. Na usidhani hili ni swali la Wagiriki tu wasio na kazi, wanazuoni wa Kiislamu walibishana juu yake kwa karne nyingi, Mu'tazila wakisema akili inaweza kulitambua jema na baya, Ash'ari wakisema jema ni lile aliloliamuru Mungu, na kwa Wakatoliki Thomas Aquinas alijenga nadharia nzima ya sheria ya asili inayosomeka kwa akili. Kwahiyo muumini anayefikiri hayuko peke yake humo ndani. Kwenye esei yako sasa, kuandika "Biblia inasema" au "Qurani inasema" sio dhambi, ila ukiishia hapo umemwachia msahihishaji kauli tu. Mpe sababu ambayo hata asiye wa dini yako anaweza kuishika akaipima.

Sasa twende kwenye kuanza kwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usianze na nadharia. Najua silabasi ndo imepangwa hivyo, wiki ya pili Mill wiki ya tatu Kant, na wanafunzi wanakariri "Kant ni wajibu, Mill ni matokeo, Aristotle ni tabia" wanaingia nayo kwenye mtihani kama dua, alafu ukiwapa kesi yoyote ya kweli hawana cha kufanya nayo. Anza na kesi unayoijua mpaka ndani. Na kesi ya chuoni ambayo kila mtu anaijua ni ile ya "mwanangu niweke jina." Mko watu sita kwenye asaimenti ya kikundi, mmoja hajatokea hata siku moja, usiku wa kuamkia kukusanya anapiga simu anasema alikuwa na shida nyumbani, niwekeni jina tu bana, kwani mnapungukiwa nini. Mnamweka au hammweki?

Mtu wa Mill anaanza kuhesabu nani anapata nini na nani anakosa nini. Hapa ndo kwenye kosa la kwanza ambalo mwaka wa kwanza karibu wote wanalifanya, wanadhani kuangalia matokeo maana yake ni kuangalia matokeo yangu, au matokeo ya leo. Hapana. Mill, na Bentham aliyemtangulia kwenye nadharia hiyo, wanataka kila anayeguswa ahesabiwe, na furaha yako wewe isizidi uzito ya mtu usiyemjua. Kwahiyo unamhesabu huyo mwenzako anayeokoka na sapu, unawahesabu na nyie watano mliolala saa nane za usiku, unamhesabu na mwanafunzi wa kikundi kingine aliyefanya kazi yake kwa haki akapata maksi sawa na mtu aliyelala, unamhesabu mpaka huyo atakayekuja kuajiri mhasibu akiamini cheti chake. Ukimaliza hesabu inaweza kutoka upande wowote kutegemea na ukweli wa hiyo shida ya nyumbani, na ni sawa tu, ila uwe umehesabu kweli.

Mtu wa Kant hahesabu. Anauliza: ile kanuni unayoifuata hapa, ungeweza kutaka iwe kanuni ya kila mtu? Na hapa ndo kosa la pili lilipo, tena hili wanalifanya mpaka watu wa mwaka wa tatu. Wanaandika "Kant anasema je kila mtu akifanya hivyo, matokeo yatakuwa mabaya, elimu itashuka." Hiyo sio Kant, hiyo ni Mill kavaa kofia ya Kant! Hoja ya Kant ni kwamba kanuni yenyewe inajivunja. Mfano wake mwenyewe ni wa mtu mwenye shida ya hela anayekopa akiahidi kulipa huku anajua kabisa hatalipa (nadhani hosteli nzima inamfahamu huyu mtu, hasa bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likichelewa). Kila mwenye shida akitoa ahadi za uongo, hakuna atakayeamini ahadi tena, kwahiyo hata huo uongo wake haufanyi kazi, anategemea wengine wawe wakweli ili yeye afaidike kwa kutokuwa mkweli. Ukilipeleka kwenye jina la kikundi, jina kwenye ukurasa wa mbele lina maana kwa sababu watu kwa kawaida huandika waliofanya kazi, kila kikundi kikiweka kila jina basi ukurasa ule hausemi chochote na hilo jina mliloomba liwekwe halina faida. Umeona tofauti? Isome mara mbili, maana hicho kipande peke yake kinaweza kukupandisha gredi. Na kuna upande wa pili wa Kant, kwamba usimtumie binadamu kama chombo tu, na mkiandika lile jina mnayemtumia hapo ni mhadhiri mnayemdanganya, na pengine nyie watano pia ndo mnatumiwa.

Aristotle anakuja na swali tofauti kabisa, hajali sana hicho kitendo kimoja, anajali unakuwa mtu wa aina gani. Kwenye kitabu chake cha maadili (Nicomachean Ethics), sehemu ya pili, anasema tunakuwa wenye haki kwa kutenda ya haki, yaani tabia inajengwa kwa mazoea. Kwahiyo anayeweka jina leo anajizoesha, na anayeomba kuwekwa naye anajizoesha. Lakini pia Aristotle hatakubali uwe mgumu kama jiwe, maana wema kwake uko katikati ya kuzidi na kupungua, na anayemkatalia mwenzake aliyefiwa kweli huyo kazidisha upande mwingine.

Alafu kuna ile hoja ambayo najua wewe na wenzako ndo mtaisema kwanza kwenye semina: sisi Waafrika tuna utu, tunasaidiana, kumwacha mwenzako adisko (aondolewe chuo kwa kufeli) sio utu. Hoja nzuri, ila irushe kwa makini. Watu wanamnukuu John Mbiti wa Kenya aliyeandika mwaka 1969 kwamba mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo basi mimi nipo, wanadhani wameshashinda. Hiyo "sisi" ni nani? Ni nyie sita tu, au na wale wa kikundi kingine wamo? Utu unaoishia kwenye kundi langu ni undugunaizesheni tu. Na wanafalsafa wa Kiafrika wenyewe hawakubaliani, Ifeanyi Menkiti wa Nigeria aliipa jamii uzito mkubwa sana mpaka akasema utu wa mtu unapatikana kadiri anavyoingizwa kwenye jamii, Kwame Gyekye wa Ghana akampinga akisema mtu binafsi ana thamani na akili yake inayoweza kuikosoa jamii hiyohiyo. Henry Odera Oruka pale Chuo Kikuu cha Nairobi alitembea vijijini akihoji wazee wenye hekima, na alichokuwa anataka kukionyesha ni kwamba wapo wazee wanaopinga mila za kwao kwa hoja, hawasemi tu "ndivyo tulivyokuta." Kwahiyo ukiandika sentensi inayoanza na "Waafrika tunaamini" jua msahihishaji makini atakuzungushia duara jekundu, andika ni Mwafrika gani na alisema kwa sababu gani.

Utaletewa pia ule mfano wa treni inayokwenda kuua watu watano na ukiipindisha inaua mmoja, ulianza kwa Philippa Foot mwaka 1967 na wanafunzi wanaupenda mno, wanakesha wanaulizia mbona wasipige kelele watu watoke relini. Usipoteze muda huko. Kazi yake ni moja, kukuonyesha kwamba kuua na kuacha mtu afe huenda sio kitu kimoja, basi.

Kusoma. Sitakudanganya, maandishi haya mengi ni Kiingereza kigumu, na Kant hata kwa Kiingereza alitafsiriwa kutoka Kijerumani kwahiyo sentensi zinapinda. Usisome kama unavyosoma desa (notsi za kunakili) la uhasibu. Kurasa tatu kwa saa ni mwendo mzuri tu. Mill anza na sura ya pili ya kitabu chake cha utilitaria (Utilitarianism), yaani ile nadharia ya kupima kitendo kwa matokeo, ndo moyo wenyewe, na kwa esei yako kuna zawadi humo: anasema ukweli ni nguzo kubwa ya ustawi wa jamii lakini anakiri una mianya, kwa mfano kumficha habari mtu mwovu au kumficha mgonjwa mahututi habari mbaya. Kant chukua kile kitabu chake kidogo cha 1785 (Groundwork of the Metaphysics of Morals), ruka utangulizi kwa sasa, nenda sehemu ya pili kwenye mifano minne, ule wa ahadi ya uongo ni wa pili. Aristotle sehemu ya pili nimeshaitaja, na ukitaka anachosema kuhusu mtu mkweli kiko sehemu ya nne, ila angalia, pale anaongelea zaidi mtu asiyejikweza wala kujishusha, usimlazimishe aseme zaidi ya hapo. Ukikwama kuna ile ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford, iko mtandaoni bure na inaandikwa na wataalamu, ni bora mara mia kuliko desa la stashenari ambalo hujui nani kaliandika mwaka gani. Zile programu za akili bandia za kukuandikia esei sitakuhubiria, nakwambia tu kwamba zinapenda sana kuandika "kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine" bila kufika popote, na sisi tunaosahihisha tumeshaizoea hiyo harufu.

Na ukishasoma kipande, mweleze rumumeti wako kwa Kiswahili bila kuangalia daftari. Kama hukuweza, hujaelewa, rudi.

Haya, esei yenyewe. Tatizo lenu kubwa mnaotoka fomu siksi ni zile esei za jenero stadi, utangulizi, hoja sita, hitimisho, kila hoja paragrafu moja na mfano mmoja. Zilikuvusha mtihani wa taifa sawa, ila huku neno "jadili" halimaanishi hoja sita. Linamaanisha chukua msimamo, uutetee, umlete mpinzani wako mkali kuliko wote, umjibu. Hoja moja iliyochimbwa mpaka kwenye mwamba inazidi sita zilizokwaruzwa juu juu. Kwahiyo paragrafu ya kwanza sema unachotetea, usiniandikie "tangu kuumbwa kwa ulimwengu binadamu amekuwa akisema uongo", nenda moja kwa moja.

Kwa swali lako ningekuwa wewe ningeanzia kwa Kant wa 1797, maana kuna makala yake fupi inayowatoa watu macho: muuaji anagonga mlango anamuulizia rafiki yako uliyemficha ndani, na Kant anashikilia kwamba hata hapo hutakiwi kusema uongo. Alafu usibaki Ujerumani, weka pembeni yake Rwanda 1994. Kulikuwa na mama mmoja mjane, Zura Karuhimbi, kijijini alijulikana kwa dawa za kienyeji, akaficha watu kwenye kajumba kake, inatajwa zaidi ya 100, na wauaji walipokuja hakuwa na silaha yoyote isipokuwa ile sifa ya uchawi, akawatishia kwamba wakiingia humo mizimu itawashukia. Wakaogopa. Alifariki Desemba 2018. Sasa kaa na hiyo kesi. Alidanganya au hakudanganya? Kama alidanganya, alimkosea nani? Mtu wa Mill anamaliza haraka, watu zaidi ya mia wako hai. Mtu wa Kant ana kazi, na wapo Wakanti wa leo wanaojaribu kusema kanuni yake haimfungi mtu mbele ya muuaji, kwamba ukiiandika kanuni vizuri, "nitamdanganya anayetaka kunitumia kumuua mtu", inaweza kupita mtihani wa kila mtu. Wewe unaona inapita? Kwa nini? Ukijibu hilo kwa kurasa mbili una esei.

Alafu mlete mpinzani, na umlete akiwa mzima, sio kikaragosi. Tuseme umetetea kwamba kudanganya kunaruhusiwa kuokoa maisha. Mpinzani mwenye akili hatakwambia "basi Zura alikosea", hakuna anayesema hivyo. Atakwambia ukishafungua huo mlango nani ataufunga, maana mhasibu anayepika vitabu naye atasema ananusuru ajira za watu mia mbili, na daktari anayemficha mgonjwa majibu atasema anamlinda. Unatofautishaje? Je, ni kwa sababu muuaji hana haki ya kuujua huo ukweli, na mwenye hisa na mgonjwa wanayo? Hapo unaanza kuandika falsafa kweli, na kwa mtu anayesomea uhasibu hilo swali la vitabu litakurudia ukiwa kazini, kwahiyo litumie, msahihishaji akiona mfano wa fani yako anajua hukunakili.

Semina usikae kimya. Huhitaji kusema jambo kubwa, uliza tu "hiyo sababu yako ingekubali pia jambo fulani?" na utaona mjadala unavyogeuka. Mshambulie hoja, muache mtu na kabila lake na dini yake.

Kitabu cha kununua hamna, hivi vya kina Aristotle, Kant na Mill haki miliki zake zimekwisha na tafsiri zake za zamani zinapakuliwa bure kihalali, hela ya bumu kula chakula. Kwa wiki hii soma ule mfano wa ahadi ya uongo tu, andika nusu ukurasa ukipinga, na nusu ukurasa ukijibu hayo mapingamizi yako mwenyewe. Ukikwama nitumie, ila usiniandikie "mwalimu sijaelewa Kant", nikopie ile sentensi yenyewe iliyokukwamisha tuanzie hapo.